Mama Vifungo na Vyumba Vitatu vya Flashi

Kuandika si kazi yangu. Niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini watu wa mtaa huu hawana haya. Kila anayepita dirishani kwangu anataka nimweleze habari ya mdogo wangu na ile flashi, nami nikishaeleza, anakwenda kuisimulia vingine. Juzi nimesikia ati alitapeliwa. Jana nimesikia ati kompyuta ilimcheka. Basi naandika mara moja tu, vidole vinaniuma, na atakayeongeza neno lake baada ya hapa na aliongeze kwao.

Mdogo wangu huyo wanamwita Mama Vifungo. Miaka thelathini na moja alikuwa katika karakana ya sare za shule, kazi yake vifungo na matundu ya vifungo, basi. Wenzake walishona mashati. Yeye alilipokea shati lisilofungika akalitoa linafungika. Mezani pake palikuwa na kasha la mbao lenye vijumba ishirini na vinne: vyeupe vya matundu mawili huku, vya matundu manne kule, vya kaptura peke yake, vya kola peke yake. Msimamizi mmoja aliwahi kuvichanganya kwa bahati mbaya. Mtu mzima yule, suruali yenye pasi, alikaa kwenye kigoda mchana kutwa akivichambua kimoja kimoja, na mdogo wangu amemsimamia.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Alifiwa na mume watoto wakiwa watatu na chumba kimoja. Chumba akakigawa kwa mapazia. Kila mtoto pazia lake, kila mtoto sanduku lake la bati chini ya kitanda, na jina lake juu yake kwa rangi. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: sanduku lenye jina la mwenzio hufungui, hata likilia mle ndani. Yule wa kwanza, ambaye siku hizi ni dereva wa lori, alifungua la nduguye kutafuta penseli, akachapwa mpaka penseli zikamtoka akilini. Wa kati, ambaye siku hizi ni mwalimu, alichungulia tu, akalala na njaa. Kitinda mimba, binti, hakuchapwa hata siku moja. Huyo alijua kuishika sheria kuliko aliyeitunga.

Maana aliyekuja kuivunja ni huyo huyo aliyeitunga.

Binti alipomaliza masomo alianza kukaa sana nyuma ya pazia lake, anaandika, anafunga sanduku, anatoka bila kuaga. Mama mtu akaingiwa na wasiwasi. Siku moja binti ametoka, akaliburuta sanduku akalifungua. Akakuta barua yenye muhuri. Kusoma hajui, hata hilo darasa langu la tatu hakulifikia, akamwita wa kati amsomee. Wa kati akasoma. Barua ilisema binti amepata kazi katika kituo cha kupima mvua, mbali sana, milimani, na aende nayo mkononi kabla ya tarehe fulani, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Mama Vifungo akaikunja, akaitia katika droo ya cherehani, chini ya mikasi. Hakuwa na ubaya. Pazia la Dereva lilikuwa halina mtu tangu apate lori, na la Mwalimu lilikuwa linaelekea huko huko. Hakutaka la tatu nalo libaki linapepea lenyewe.

Lakini lililo baya zaidi ni hili, na sitalificha kwa kuwa ni ndugu yangu. Binti alipoikosa barua alipindua chumba kizima, na mama mtu akainama naye, akamulika na taa chini ya vitanda, akisema, "Tutaipata tu, mwanangu, haina miguu." Tarehe ikapita. Mwezi uliofuata binti akatafuta mikasi.

Siku ile waligombana wote, hakusalimika mtu. Dereva alimwambia dada yake, "Mama ni mama, mwombe radhi kwa hayo uliyomwambia." Binti akamgeukia wa kati, "Na wewe uliisoma ukanyamaza." Wa kati akamwambia mkubwa hana haki ya kuhukumu mtu, mwezi mzima hakanyagi nyumbani. Mwaka uliofuata binti alipata kituo kingine, mbali kuliko kile cha kwanza. Akiwa mlangoni na sanduku lake alisema, "Nyumba hii kila sanduku lina heshima yake isipokuwa langu." Akabadilisha na namba ya simu. Miaka mitatu. Na wale wawili wa kiume nao hawakusemezana tena, kila mmoja anamtupia mwenzake kosa.

Mdogo wangu ana kiburi, nalijua hilo, tumenyonya ziwa moja. Hakulia mbele ya mtu. Ila lile pazia la binti alikuwa analifua kila mwezi na kulirudisha mahali pake, halina vumbi wala jasho la mtu, analifua tu.

Kisha akasikia kwamba flashi inabeba sauti ya mtu, mtu huongea ikakaa mle mpaka atakapoisikiliza mwingine. Akanunua moja, akaenda nayo kwa Fundi. Fundi wetu ni mtu wa makamo, zamani alitengeneza taipureta, na taipureta zilipokufa akahamia kompyuta kwa shingo upande.

"Nataka uigawe vyumba vitatu," akamwambia.

"Vyumba, mama?"

"Vyumba. Kila kimoja na mlango wake na jina la mwenyewe."

"Kumbe unataka folda. Hiyo dakika moja tu."

"Folda ndiyo nini?"

"Sema kama bahasha. Zinakaa tatu ndani ya chumba kimoja."

"Bahasha anafungua yeyote aliyeingia chumbani. Mimi nimekwambia vyumba, nataka kuta."

"Basi nunua flashi tatu, mama. Bei yake kama sabuni."

"Fundi, watoto wangu wametoka tumbo moja. Wamelala chumba kimoja miaka kumi na minane. Watashindwa kulala ndani ya kidude hiki?"

Fundi akacheka. Yeye hakucheka. Akamweleza nia yake, na ilikuwa nia ya mtu aliyekesha nayo: akiwapa flashi tatu, kila mmoja ataichukua yake atulie nayo. Akiwapa moja, itabidi wapeane. Mkubwa ampelekee wa kati mkononi, wa kati ampelekee mdogo mkononi, na mdogo, akipenda, airudishe. Watu wasiosemezana watalazimika hata kusema "shika."

Fundi akaichomeka.

Flashi ikagoma kugawika. Kila alipofika kwenye mstari wa kugawa, mstari ulikuwa wa kijivu, unaonekana lakini haubonyezeki.

"Uko hapa, mama, ila umelala."

"Uamshe."

Akaifuta, akaisafisha, akaanza upya. Mstari umelala. Akazima mashine akaiwasha. Umelala. Siku ya pili, ya tatu, ya nne, mdogo wangu anakuja asubuhi na mkoba wake anakaa kwenye benchi kama mgonjwa anayesubiri jina. Wateja wakamzoea, wakawa wanampa watoto awashike.

"Mashine hii inaniambia flashi ni kitu cha kuchomeka na kuchomoa," Fundi akasema siku ya nne, "haioni sababu ya kukijengea kuta."

"Iambie chumba changu nacho ni cha kupanga. Kuta nilizijenga kwa shuka."

Siku ya tano mteja mmoja alileta kompyuta mpya iliyovunjika bawaba ya kifuniko. Fundi alipomaliza bawaba, akaichomeka flashi pale kujaribu. Mstari ulikuwa macho. Akabonyeza, akagawa, na kwenye kioo vikajipanga vyumba vitatu. Akaviandika majina kama alivyoambiwa: MKUBWA, KATI, MDOGO. Mdogo wangu akamtaka afungue na kufunga kila kimoja mbele ya macho yake.

"Na kufuli?"

"Kufuli sijaweka, mama. Ni majina tu."

"Majina yanatosha. Watoto wangu wamelelewa."

Akamtoa Fundi nje. Mwenye duka akakaa kwenye kizingiti cha duka lake mwenyewe, mlango umefungwa, akiitwa kila baada ya chumba kimoja kuja kubonyeza cha pili. Kwa Mkubwa aliongea dakika tano: breki, usingizi barabarani, asile huku anaendesha, na flashi ampe nduguye kwa mkono wake, asimpe utingo. Kwa wa Kati, dakika saba. Kwa Mdogo alikaa nusu saa. Fundi anasema hakusikia neno, alisikia kiti tu kinavyolia. Mimi aliniambia baadaye alichosema, kwa sababu mimi ni dada yake na sikumpa nafasi ya kukataa. Alisema, "Barua niliichukua mimi. Nikakusaidia kuitafuta, na huku najua ilipo. Nisamehe."

Alipotoka aliomba maji. Kesho yake mwenye kompyuta akaja akaichukua.

Dereva alipita na lori akaondoka nayo, na kungoja kukaanza. Nyumba zetu zimegawana ukuta, namsikia. Asubuhi anahesabu kwa sauti: leo Mkubwa atakuwa ameshamfikia mwenzake. Wiki ya tatu: shule zikifunga, wa Kati atapanda basi. Wiki ya tano akaniita kwenye dirisha. "Dada, leo atakuwa ameshanisikia." Simu ikilia anafuta mikono kwanza, kisha anaipokea kwa sauti ya mtu asiyekuwa na haraka. Ikawa ni mtu kakosea namba. Ikawa ni mwenye nyumba. Ikawa ni mimi, namjaribu kama simu inafanya kazi, akanitukana.

Wiki ya saba akaacha kuhesabu. Nikamsikia anatembeza viti usiku na mchana, kitu ambacho hafanyi. "Amenisikia," akaniambia, "na amenyamaza. Ni haki yake." Akasema vile kama mtu anayepokea shati lililokatwa vibaya, hana wa kumrudishia.

Wiki ya tisa, Jumamosi, Mwalimu akabisha hodi. Akaingia, akaamkia, akaiweka flashi mezani, akakaa bila kuvua koti.

"Marahaba. Amesemaje?" mama mtu akauliza.

"Mama, kwanza nipumue."

"Utapumua ukisharudi kwako. Amesemaje?"

"Amesema ameuona mlango wa kaka. Wake hakuuona."

Mdogo wangu akakaa chini. Mwalimu akaeleza. Kaka mtu alimletea flashi mpaka getini kwa shule, wakasemezana maneno matano, labda sita. Yeye akaichomeka kwenye kompyuta ya walimu, akaona jina moja tu, MKUBWA. Akatafuta lake, hakuna.

"Nikajua hujanisemesha," akasema. "Si neno. Nikasema pengine la mdogo lipo na linaonekana kwake tu, mambo ya mashine siyajui. Nikapanda basi. Kule kituoni tukaichomeka, MKUBWA. Tukakaa tunaangalia jina la kaka, watu wazima wawili."

"Na hamkufungua?"

"Tufungue la mtu?"

"Mngefungua mkasikia hata sauti yangu."

"Mama," Mwalimu akasema taratibu, "mimi nililala na njaa kwa kuchungulia. Naye nilimwambia, 'Tufungue basi, tumsikie mama tu.' Akanitazama. Akasema, 'Wewe ndiye ulifungua la kwangu ukasoma.' Nikaichomoa."

Kisha Mama Vifungo akachukua flashi, akatoka na kandambili mguu huu na kiatu mguu ule, mpaka kwa Fundi. Mimi nikamfuata, maana niliogopa Fundi atapoteza jicho.

"Wanangu wamepokea chumba kimoja," akamwambia. "Viwili umemuuzia nani?"

Fundi akaichomeka kwenye mashine yake kuukuu. MKUBWA, peke yake. Akatokwa na jasho. Akakimbia kwa jirani mwenye kompyuta mpya, akarudi nayo imewaka mikononi kama anabeba chungu cha moto. Hapo vyote vitatu, na sauti zake ndani, hazikuguswa.

"Vyumba vipo, mama. Havijapotea. Ila mashine za zamani zinaona cha mwanzo tu, vya nyuma zinavipita kama havipo. Mimi niliviona kwenye mashine mpya nikadhani kila mtu ataviona. Kosa langu."

"Yaani nusu saa yangu ilifika mpaka mezani kwake."

"Ilifika."

"Akaishika mkononi."

"Naona hivyo, mama."

Nilimwona mdogo wangu akipapasa ukingo wa meza kama anatafuta sindano. Fundi akajitahidi. "Naweza kugeuza. Nimweke Mdogo mbele, ataonekana."

"Na wakubwa zake?"

"Hao ndio hawatajiona."

"Kumbe lazima aonekane mmoja tu."

"Wa mwanzo tu, mama."

Akafikiri sana. Mteja akaingia, akaona sura zetu, akatoka. Nami namjua mdogo wangu, nilijua anachokitazama. Folda alizikataa kwa sababu ya kuta. Na kuta alizitaka kwa nini? Ili yale ya barua ayasikie mmoja tu. Amwombe radhi mtoto wake nyuma ya pazia, na mbele ya wale wawili abaki yule yule mwenye fimbo na sheria.

"Bomoa," akasema.

"Zote?"

"Zote. Na usiandike jina la mtu. Kisichokuwa na jina nyumbani kwangu ni cha wote."

Fundi akabomoa, mara hii mashine haikugoma. Akainuka atoke kama mara ya kwanza, naye akamwambia, "Kaa. Mlango uache wazi." Akaongea mbele yetu, na mbele ya mama mmoja aliyekuja kutengeneza chaja. Hakufika dakika tatu. "Wanangu wote watatu, nawaita pamoja. Sanduku la mdogo wenu nililifungua mimi. Barua niliificha mimi. Wa kati alisoma kwa kuwa nilimtuma. Mkubwa alinitetea kwa kuwa hakujua yote. Nilikusaidia kuitafuta, mwanangu, na nilijua ilipo. Mvunja sheria ni mimi. Sina jingine." Yule mama wa chaja akajifanya anasoma karatasi ya bei ukutani.

Flashi ikaondoka tena. Safari hii hakuhesabu wiki kwa sauti. Alikuwa anapiga pasi vitu visivyohitaji pasi.

Wiki ya sita lori likasimama nje, wakashuka wawili, Dereva na Mwalimu, wanabishana kuhusu njia ya mkato. Wanabishana, nasema. Miaka mitatu sikuwasikia hata kubishana. Wakamchukua mama yao mpaka kwa Fundi, mimi nyuma yao, na Fundi akafungua. Kulikuwa na sauti mbili. Moja ni ile ya kwake. Ya pili ilianza na kishindo kirefu, kama mchele unaomwagwa kwenye bati. Ikaenda hivyo hivyo mpaka Dereva akasema imeharibika. Mama mtu akamwekea kidole mdomoni.

Kisha sauti ya binti, ya mbali kidogo, imekuwa nzito kuliko tulivyoizoea:

"Mama, hii ni mvua ya huku. Leo nimepima milimita kumi na nane. Nimekusikia. Sijui bado niseme nini. Huko imenyesha?"

Ikaishia hapo. Mdogo wangu akaomba irudiwe. Ikarudiwa mara saba, Fundi akabonyeza bila kulalamika. Mara ya saba akauliza, "Amesema bado, sivyo? Hajasema sijui tu. Amesema sijui bado."

"Amesema bado, mama," wanawe wakajibu pamoja.

Sasa huku hakujanyesha. Wiki ya nane hii, vumbi tu, mbingu nyeupe kama shati jipya. Jibu anaweza kulituma hata leo, akaseme haijanyesha, lakini hataki. Anataka ampelekee kitu. Ameweka gilasi ya kioo juu ya matofali uani, Mwalimu ameichora mistari ya milimita, na kila asubuhi anatoka kuitazama. Ikiwa na umande anasimama pale kidogo. Namsikia ukutani akiusema ule mstari wa binti, "Huko imenyesha?" anaujaribu kwa sauti ya juu, kwa sauti ya chini, atambue mwanawe aliuliza kwa hamu au kwa kazi.

Nimemaliza, na mkono umekufa ganzi. Wewe uliyenisumbua nikaandika, huwezi kusoma bure. Nenda kwenye droo yako. Ukikuta flashi uliyoletewa na mtu ukaichomeka ukaona haina neno lako, itie kwenye mashine nyingine, mpya, leo hii. Ukisikia kitu, mjibu mwenyewe, halafu upite dirishani kwangu uniambie. Na usije mikono mitupu: njoo umeangalia mawingu ya upande wenu, uniambie yanaelekea wapi.